Sentimita Tano za Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 9 Januari

Mguu wa kulia, sentimita kumi na moja. Mguu wa kushoto, tano.

Leo mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima humwita Filimbi na yeye huitika, alitupanga sisi wanariadha wote mbele ya ukuta wa stoo ya vifaa. Tulivua viatu. Unaweka mguu mmoja mbele ya ukuta, unakunja goti mpaka liguse ukuta, na kisigino hakiruhusiwi kuinuka. Likigusa, unarudisha mguu nyuma kidogo na kujaribu tena. Pale pa mwisho ambapo goti bado linafika, Filimbi anapima kwa rula kutoka ukutani hadi ncha ya kidole gumba cha mguu. Chini ya kisigino huweka kipande cha karatasi na kukivuta taratibu. Karatasi ikichomoka, ujue kisigino kimeinuka.

Kwenye mguu wangu wa kushoto ilichomoka mara nne.

"Panzi," akaniambia, kwa maana hilo ndilo jina langu uwanjani, "mguu huu uliteguka lini?"

"Muhula wa tatu mwaka jana, Mwalimu. Lakini ulishapona. Hauumi."

"Sikuuliza kama unauma. Bawaba iliyoshika kutu nayo haiumi. Inakataa tu kufunguka, na ukiilazimisha inang'oa fremu ya mlango."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Mguu wa kushoto ndio ninaorukia. Hatua ya mwisho kabla ya kupaa, goti linapaswa kupita mbele ya vidole wakati unyayo wote uko chini. Kifundo kikikataa, nguvu yote inaishia ardhini.

Halafu akatoa sheria yake: hakuna atakayeruka kwa mbio kamili mpaka kila mguu ufike sentimita tisa. Na mchujo ni Ijumaa, tarehe 24 Machi. Shule itapeleka msichana mmoja wa kuruka juu kwenye mashindano ya shule zote. Mmoja tu.

Mwaka jana nilikuwa mimi. Nikateguka zikiwa zimebaki siku tisa, akaenda Twiga. Twiga tunasoma darasa moja. Ananipita kichwa kizima kwa urefu, na leo vifundo vyake vilipimwa kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Nataka nafasi ile. Naandika ili nisije nikajidai baadaye kwamba sikuitaka.

Jumanne, 10 Januari

Mazoezi niliyopewa: asubuhi na jioni, goti ukutani mara kumi na tano, polepole. Kusimama kwa ncha za vidole ukingoni mwa ngazi na kuteremsha visigino chini ya ukingo. Kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Na kupima kila jioni na kuandika.

Jumatano, 11 Januari

Tano.

Ijumaa, 13 Januari

Tano. Kaka ndiye anayevuta karatasi. Yeye ni fundi wa simu, ana mikono mitulivu, ila mdomo hauna breki. "Labda rula ndiyo imeteguka," alisema.

Jumatano, 18 Januari

Tano na nusu! Kaka alipima mara mbili kwa sababu nilimsumbua.

Mama hakuinua kichwa. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Ni mwezi wa sare za shule, na mashati meupe yamejaa mpaka kwenye kiti changu. Nilipokuwa naning'inia kwenye ngazi ya mlangoni, mteja mmoja alishindwa kupita, na Mama akamwambia, "Mruke tu huyo. Yeye mwenyewe anasema kuruka ndiyo kazi yake."

Sidhani kama anaelewa jambo hili lina maana gani kwangu.

Jumatatu, 23 Januari

Tano na nusu.

Alhamisi, 26 Januari

Leo tulikuwa uwanjani pamoja. Twiga anaruka kwa hatua tisa za mbio. Mimi, kwa ajili ya sheria, hatua tatu. Kwa hatua tatu mtu haruki, anapanda tu kitanda. Nilipoanguka kwenye godoro baada ya mita moja na kumi, Twiga alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye madarasa:

"Panzi, siku hizi umekuwa kiwavi?"

"Kiwavi huota mabawa," nikamjibu.

"Basi tuambie mapema, tusije tukakukanyaga."

Wote wakaangua kicheko. Nilijikaza kisabuni mpaka nikafika msalani. Simpendi Twiga. Anatembea kama mtu ambaye hajawahi kukataliwa na kiungo chake chochote.

Jumatano, 1 Februari

Sita na nusu. Shavu la mguu linauma kwa namna nzuri.

Jumatatu, 6 Februari

Mvua. Uwanja umekuwa uji. Sita na nusu.

Jumanne, 7 Februari

Mvua. Sita na nusu. Siku arobaini na tano zimebaki, na kwa mwendo huu nitafika tisa wakati wenzangu wamesharudi kutoka mashindanoni.

Jumatano, 8 Februari

Saba na nusu!

Ilikuwa hivi. Nilikuwa ukutani, goti limebakiza unywele mmoja tu. Nikageuza vidole nje kidogo, nikaacha uzito uende upande wa ndani wa unyayo, na goti likafika papo hapo. Kaka akavuta karatasi. Haikutoka. Akavuta tena. Haikutoka!

"Kisigino kimeshika kama msumari," akasema. "Hongera, Mheshimiwa Kifundo."

Nimegundua siri yake. Kumbe kilikuwa kinataka kuelekezwa tu.

Jumatatu, 13 Februari

Nane. Mvua bado.

Ijumaa, 17 Februari

Tisa. Filimbi alinipima mwenyewe, chini ya mlango wa stoo, mvua inampiga mgongoni. Akavuta karatasi mara moja, akasoma rula, akasema, "Tisa. Umenishangaza. Jumatatu uanze mbio kamili." Akakimbia na daftari lake ndani ya shati.

Nilitembea hadi nyumbani bila mwavuli na sikuhisi chochote.

Jumatatu, 20 Februari

Hatua tisa. Nilikuwa nimeusahau utamu wake. Lakini nimeishia mita moja na ishirini na tano, na mwaka jana nilikuwa naruka moja na arobaini. Ni uzito wa uwanja, bado umelowa.

Jumatano, 22 Februari

Moja na ishirini na tano. Uwanja umekauka. Ndani ya kifundo, chini ya ule mfupa uliotokeza, pana moto mdogo. Goti nalo linalalamika. Nimelala nimeweka mguu juu ya mto.

Ijumaa, 24 Februari

Moja na ishirini. Twiga ameruka moja na arobaini akiwa anatafuna ubani.

Filimbi aliniuliza, "Tisa zako zimeenda wapi?" Nikasema sijui. Nimeandika "sijui" hapa pia na naitazama. Nitaiacha ilivyo.

Jumamosi, 25 Februari

Leo ninaandika kirefu, kwa sababu leo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipoanza kunyooka. Bado sijui ni lipi.

Mchana, Mama alikuwa sakafuni anakata kitambaa. Mteja mmoja ameagiza mapazia kumi na mawili marefu, na meza yetu haitoshi. Alikuwa amelala kiubavu karibu na ukuta, mkasi mkononi, pini mdomoni. Mimi na Kaka tukaja kupima kama kawaida. Nikaweka mguu, nikakunja goti.

"Tisa na robo!" Kaka akatangaza.

"Usitikisike," Mama akasema.

Nilidhani nimekanyaga kitambaa. Lakini alikuwa anatazama mguu wangu. Macho yake yalikuwa chini pale pale unyayo ulipo, mahali ambapo Kaka na Filimbi hawajawahi kuweka macho yao, kwa sababu wao hutazama karatasi na rula. Akatema pini, akasogeza kidole chake kwenye upande wa ndani wa unyayo wangu, pale penye upinde.

"Mguu wa kulia kidole changu kinapita hapa. Huu wa kushoto hakipiti. Umeubana chini wote, na kifundo kimelala ndani kama gurudumu la baiskeli lililopigwa na lori."

"Lakini Mama, kisigino kiko chini. Karatasi haitoki."

"Nani amezungumzia kisigino?"

Akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akachora mstari mmoja sakafuni, umenyooka, kutoka ukutani kuja kwangu. Akaweka katikati ya kisigino changu juu ya mstari, na kidole cha pili juu ya mstari. Kisha akaniambia nikunje goti, na liende juu ya mstari huo huo, lisiingie ndani. "Na huu upinde usiuangushe. Nitaweka kidole changu hapa. Ukikibana nitapiga kelele."

Nilikunja. Goti likasimama hewani. Nikarudisha mguu karibu na ukuta, nikajaribu tena, nikarudisha tena. Kaka akasoma rula, akaisoma tena.

Sita na nusu.

Ile ile ya kabla ya mvua. Wiki mbili na nusu, na mguu haujasogea hata unene wa uzi.

Mama alikaa kitako, akapangusa chaki kwenye gauni lake. "Nina wateja wa namna hii," akasema. "Nikiwazungushia tepu, wanavuta tumbo ndani. Namwambia, dada, pumua. Hapumui. Anataka niandike kiuno anachokiota. Basi naandika. Siku ya kuchukua gauni zipu haipandi, na mchawi ni mimi."

Kaka akacheka. Mimi nikacheka, halafu kile kicheko kikageuka, nikawa nalia juu ya mapazia ya watu.

"Usilowanishe kitambaa," Mama akasema, lakini alinivuta begani kwake. Akaniuliza taratibu, "Ulijua?"

Nilimjibu kwamba sikujua. Sasa nimekaa na daftari na ninataka kujibu vizuri zaidi. Siku ya kwanza nilipogeuza vidole, nilisikia mguu unaanguka ndani. Nilisikia kabisa. Nikaamua kwamba sikusikia, na kila siku baada ya hapo ikawa rahisi zaidi kutosikia. Kama huko siko kujua, sijui kunaitwaje.

Jumapili, 26 Februari

Kaka anasema ninyamaze, niendelee na mazoezi kwa mstari wa chaki, na Filimbi hatajua lolote. "Si amekupima mwenyewe? Kosa ni lake."

Nimewaza hivyo mchana kutwa. Nikinyamaza, nina mbio kamili, na moto ndani ya kifundo. Nikisema, narudi hatua tatu, na zimebaki siku ishirini na sita.

Mama hakunishauri kitu. Aliniuliza tu kama nina daftari la mwalimu la kusahihishwa kesho, na tulijua sote wawili kwamba hakuwa anaulizia daftari.

Jumatatu, 27 Februari

Nimesema.

Nilimkuta Filimbi stoo anajaza mipira upepo. Nilimwonyesha kwa vitendo, nilivyokuwa ninafanya na ninavyopaswa kufanya. Nilikuwa nimeomba kipande cha chaki cha Mama, nikachora mstari wake. Sita na nusu, mbele yake.

Akaweka pampu chini. Nilisubiri anifokee.

"Na mimi nilipima mbio mbio kwa sababu ya mvua," akasema. "Tumekosa wawili. Lakini mguu ni wako, kwa hiyo adhabu itakuwa yako. Hatua tatu, mpaka tisa ya kweli."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua huenda usifike."

"Najua."

"Na bado umekuja kusema?"

Nilimwambia kifundo kinauma. Hilo nalo ni kweli.

Jumanne, 28 Februari

Filimbi amewapima upya wote, kwa mstari wa chaki. Vipimo vya watano vimepungua. Wawili wa kuruka chini, wale wanaotua mchangani, wamerudishwa kwenye hatua tatu kama mimi, na hawataki kunisikia. Mmoja alinipita njiani akasema, "Shukrani sana, Mtakatifu Panzi. Ungekufa ukinyamaza?"

Hata Twiga ameshuka, kutoka kumi na mbili hadi kumi. Nilimtarajia awe wa kwanza kunirarua. Alitazama rula, akatikisa kichwa.

"Kumbe muda wote huu nilikuwa mbuzi mrefu tu," akasema.

Ijumaa, 3 Machi

Sita na nusu. Moto umepungua.

Jumatatu, 6 Machi

Saba, ya kweli. Kaka aliweka kidole chini ya upinde, akavuta karatasi, akakagua mstari, akasema sasa ninahitaji mashahidi wengi kuliko harusi.

Jumatano, 8 Machi

Nilifika ukutani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya shule kufunguliwa vizuri, na Twiga alikuwa pale amevua viatu.

"Wewe unatafuta nini hapa?" nikamwuliza. "Wewe umeshapita."

"Nimepita kwa moja tu ya ziada. Halafu, sikiliza. Siku ya mchujo, usipokuwepo, nitashindana na nani? Na wale wawili wengine wa kuruka juu, wanaoogopa ufito? Nikishinda namna hiyo nitajisifia kwa nani?"

"Kwa hiyo unanisaidia ili unishinde."

"Ndiyo," akasema. "Weka mguu."

Ana kidole kikali kuliko cha Kaka. Nikiangusha upinde kidogo tu, anapiga kelele kabla mimi sijahisi. Alinieleza kwamba mwaka jana, alipokwenda mahali pangu, kila mtu kwenye basi alimwambia, "Tungekuwa na Panzi tungeshinda." Alikuwa wa nane. Hakuna aliyezungumza naye wakati wa kurudi.

Sikuwahi kujua hilo. Sikuwahi kuuliza.

Ijumaa, 10 Machi

Saba na nusu. Twiga alichelewa dakika kumi na akadai saa yake imeteguka.

Jumatatu, 13 Machi

Mama amenipa kazi. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na mapazia yana pindo ndefu zisizo na kona, mita kwa mita, ambazo hata mimi siwezi kuziharibu. Sharti lake ni moja: nikanyage kwa mguu wa kushoto peke yake, kisigino kikae juu ya kanyagio, na goti liende mbele bila kuyumba.

"Usidhani nakutibu," akasema. "Nataka mapazia yaishe."

Nilikanyaga saa nzima. Kifundo kikaenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara elfu. Nilipotazama pembeni, Mama alikuwa ameacha kupiga pasi, anautazama mguu wangu kwa jinsi anavyotazama mshono wa mtu mwingine, akiutafutia kosa. Hakulipata. Akarudi kwenye pasi yake.

Nilipoandika mwezi wa kwanza kwamba haelewi, niliandika haraka.

Jumatano, 15 Machi

Nane.

Ijumaa, 17 Machi

Nane. Imebaki wiki moja.

Jumapili, 19 Machi

Nane. Mapazia yamekwisha. Nimeomba kazi nyingine, Mama akanipa vifungo. Nikamwambia vifungo havikanyagwi. "Leo pumzika," akasema. "Hata uzi ukivutwa kila siku hukatika."

Jumatatu, 20 Machi

Nane na nusu.

Jumanne, 21 Machi

Nane na nusu. Wale wawili wa kuruka chini wamefika tisa. Yule aliyeniita Mtakatifu alinirushia chungwa kutoka mbali. Nimelila.

Jumatano, 22 Machi

Asubuhi Filimbi alikuja ukutani mwenyewe, bila mvua, bila haraka. Alipiga magoti kwenye vumbi mpaka shavu lake likakaribia mguu wangu. Twiga aliweka kidole chini ya upinde. Karatasi, mstari, rula.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Kisha akasimama, akapangusa magoti ya suruali, akapuliza filimbi ingawa tulikuwa watatu tu. "Tisa. Leo jioni mbio kamili, miruko sita tu. Kesho sita. Keshokutwa mchujo."

Twiga akanipiga kofi mgongoni nusura niugonge ukuta.

Jioni nimeruka moja na thelathini na tano kwenye mruko wa nne. Hatua ya mwisho, mguu uliteremka, goti likapita mbele ya vidole, na ardhi ikanisukuma juu. Kabla nilikuwa napigana nayo. Leo ilinisaidia.

Alhamisi, 23 Machi

Moja na thelathini na nane. Hakuna maumivu. Bado hatua zangu hazikai, mara naingia karibu mno, mara mbali. Nimekuwa na siku mbili tu za mbio kamili kwa mguu ulionyooka. Twiga amekuwa na miezi miwili na nusu.

Ijumaa, 24 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio ili nisiyapambe.

Tulikuwa wanne. Wale wawili wengine walitoka kwenye moja na thelathini. Mimi na Twiga tulipita moja na thelathini na tano mara ya kwanza, moja na thelathini na nane mara ya kwanza. Moja na arobaini na moja, wote wawili tuliangusha ufito mara moja kisha tukapita. Nilipotua niliona uso wa Twiga umekuwa mzito. Ile ilikuwa zaidi ya nilichowahi kuruka maishani.

Moja na arobaini na nne, tukashindwa wote, mara tatu kila mmoja.

Filimbi akahesabu kwenye karatasi yake, akahesabu tena. Tulikuwa sawa kwa kila kitu. Akaeleza kanuni: kila mmoja mruko mmoja kwenye urefu ule ule. Tukishindwa wote, ufito unashuka sentimita mbili. Tukipita wote, unapanda mbili. Mpaka mmoja apite na mwingine aanguke.

Wakati huo nusu ya shule ilikuwa imekuja pembeni ya uwanja. Nilimwona na Mama kwenye uzio, tepu ya kupimia bado shingoni, hajafuta hata chaki mikononi. Hajawahi kuja.

Moja na arobaini na nne: nimeangusha. Twiga ameangusha.

Moja na arobaini na mbili: nimepita. Twiga amepita.

Moja na arobaini na nne. Nilisimama alama yangu ya kuanzia na sikuwaza juu ya kifundo. Nimelitambua hilo sasa ninapoandika, kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikukiwaza kabisa. Nilikimbia, nikapaa, na nilipokuwa juu kulikuwa na ukimya, kisha godoro, na ufito ulikuwa mahali pake. Kelele zikaja baadaye. Twiga akapita vile vile.

Moja na arobaini na sita: tumeangusha wote. Twiga alilala kwenye godoro akasema, "Panzi, kufa basi, nimechoka." Nikamwambia, "Anza wewe."

Moja na arobaini na nne tena. Miguu yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Kwenye hatua ya saba nilijua nimeingia karibu mno, na nikaikata hatua ya mwisho ili kurekebisha. Mgongo ulipita. Makalio yalipita. Kisigino cha kulia, kile ambacho sijawahi kuwa na shida nacho, kiligusa ufito. Nikiwa godoroni niliuona unatetemeka. Ulitetemeka muda mrefu sana. Ukaanguka.

Twiga alikimbia. Alipita, na kati yake na ufito ikabaki nafasi ya kutosha mkono.

Nilikwenda nikampa mkono, na yeye akanikumbatia, tukawa tumesimama hivyo kama walevi wawili wanaoegemeana. Filimbi aliandika jina lake kwenye orodha. Aliponigeukia alifungua mdomo, nikamwahi.

"Ni hatua, Mwalimu. Hatua hazijakaa. Ningekuwa na zile wiki zangu za mwezi wa pili, zingekaa."

"Ndiyo," akasema. Hakunipamba kwa maneno, na ninamshukuru kwa hilo.

Mama alinisubiri kwenye uzio.

"Umeshinda au umeshindwa? Mimi nimewaona mnaruka tu, sikuelewa hesabu zenu."

"Nimeshindwa, Mama."

"Kwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha nafasi ndogo kati ya vidole viwili.

Alizitazama zile sentimita hewani kwa makini, kama mtu aliyezoea kazi ya vipimo vidogo. "Hiyo," akasema, "ni akiba ya mshono, ile tunayoiacha pembeni mwa kitambaa." Akanishika mkono, tukaenda nyumbani.

Jumamosi, 25 Machi

Nimelia leo. Jana sikuwa na muda.

Jumatano, 29 Machi

Nimekuwa nikimvutia Twiga karatasi asubuhi. Ameuliza kama ni vigumu. Nimemwambia ndiyo. Akarudisha goti ukutani, akasema, "Angalia upinde, usiangalie uso wangu." Nikaangalia upinde.

Jumamosi, 1 Aprili

Basi liliondoka asubuhi. Niliwapungia mkono getini pamoja na wengine. Mchana nilipiga pasi, nikapanga nyuzi za Mama kwa rangi, nikazivuruga, nikazipanga tena.

Jioni Twiga alipiga kwenye simu ya Kaka. Kulikuwa na kelele za basi na watu wanaimba.

"Wa tatu!" alipiga yowe. "Moja na arobaini na sita! Panzi, unanisikia? Wa tatu! Wananiimba mimi!"

Nilimwambia ninasikia. Nilifurahi, na nikaona wivu, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusukumana. Nikamwambia hongera na nilimaanisha.

"Jumatatu ni likizo," akasema. "Nitalala mpaka saa tano, mtu asinitafute."

"Saa kumi na mbili na nusu, ukutani."

"Wewe! Una roho mbaya sana, unajua? Miguu yangu imekufa."

"Saa kumi na mbili na nusu. Kuna mashindano muhula wa tatu."

Nilisikia anahema, wenzake wanaimba nyuma yake.

"Haya," akasema. "Nitakuja."

Nikamkumbusha kwamba muhula wa tatu nafasi bado itakuwa moja, na sisi ni wawili. Nilimwambia kabla hajakata simu, asije akasema sikumwonya.